Mti wa sababu wodini: zana ya kuchambua ajali inayofaa, mradi bosi asishike kalamu

Mti wa sababu ni mbinu ya kuchambua ajali kazini iliyokuzwa katika miaka ya 1970 na INRS, taasisi ya Ufaransa ya usalama kazini. Vifaa vyake ni karatasi kubwa ukutani, vikaratasi vya kunata na kalamu nene. Tunaipa nyota nne kati ya tano kwa matumizi ya hospitali.

Mchoro huanzia kwenye jeraha na kurudi nyuma. Kila kikaratasi hubeba tukio moja tu, na kwa kila tukio kundi huuliza: nini kilihitajika ili hili litokee? Kilikuwa cha lazima kweli? Kilitosha peke yake? Swali la mwisho ndilo linalofanya kazi kubwa.

Chukua muuguzi aliyechomwa sindano kidoleni alipokuwa akiitupa. Fomu ya kawaida ingefungwa kwa "hakuwa makini". Kwenye mti, matawi mawili yanatoka kwenye jeraha: mkono wake ulikuwa ukisukuma sindano ndani ya boksi la kutupia sindano, na ncha ya sindano nyingine ilikuwa imechomoza kwenye mdomo wa boksi. Ncha ilichomoza kwa kuwa boksi lilikuwa limejaa kupita robo tatu, kiwango ambacho boksi hufungwa. Liliendelea kutumika kwa kuwa la mwisho la akiba lilishajaa. Stoo hufungwa jioni, na wodi hupewa idadi ileile kila wiki hata wagonjwa wakiongezeka. Tumetoka kidoleni tukafika kwenye ratiba ya stoo, na ratiba hurekebishika. Habari ya stoo kufungwa huletwa na mtu wa zamu ya usiku. Msimamizi wa mchana huenda hajawahi kukutana nayo.

Mbinu ya kuuliza "kwa nini" mara tano mfululizo ni nyepesi zaidi, lakini hufuata mstari mmoja. Katika mfano huu ingeshika mkono wa muuguzi au boksi, na tawi la pili lingepotea.

Mti unapoharibika mara nyingi ni kwenye maneno. "Alikuwa na haraka" ni maoni. "Alikuwa peke yake na wagonjwa 18" ni jambo linaloweza kuhakikiwa. "Hakuvaa glavu" huvuta lawama. Andika "alishika kwa mkono mtupu", kisha uliza kilichohitajika ili iwe hivyo. Neno "uzembe" likibandikwa ukutani, watu hufunga midomo, na ajali inayofuata haitaripotiwa.

Watu watano hadi saba wanatosha: aliyeumia akiridhia, mwenzake wa zamu, mfanyakazi wa usafi, mtu wa stoo, mwakilishi wa wafanyakazi na mwongozaji. Msiwaache wa usafi na madobi, kwani sindano iliyosahaulika kwenye shuka huishia mikononi mwao. Mwenye mamlaka ya kuadhibu anaweza kusikiliza, lakini asiongoze kikao, na karatasi ya mti isiingie kamwe kwenye faili la nidhamu.

Matibabu hutangulia yote. Jeraha lioshwe kwa maji na sabuni bila kulikamua, na dawa za kinga ya VVU, zikihitajika, zianze mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72, kwa siku 28. Kisha, zamu ileile, mtu aende mahali pa tukio, apime hatua kutoka kitandani hadi kwenye boksi na kulipiga picha kabla halijaondolewa. Kesho yake wodi itakuwa imeshapangwa upya.

Nyota iliyokosekana ni ya mgongo. Mti hudai tukio lenye saa na mahali, ilhali maumivu ya kuinua wagonjwa hujengeka kwa miaka. Huko ni afadhali kuitazama kazi yenyewe: nani huinua, mara ngapi kwa zamu, na shuka ya kumtelezeshea mgonjwa iko umbali gani.

Udhaifu mwingine ni kwamba mti haulazimishi utekelezaji. Kundi lililochoka hukimbilia tawi lililo karibu na jeraha na kuandika "mafunzo upya". Dai pia hatua moja ya mbali zaidi, kama kabati la maboksi ya akiba linalofunguka usiku, pamoja na jina la mhusika na tarehe. Baada ya siku 30, mtu wa zamu ya usiku akalifungue na kuhesabu yaliyomo.