HandBrake na kaseti za MiniDV za baba: uzoefu wangu, Lubumbashi

HandBrake ni programu ya kompyuta ya kubana video, yaani kupunguza ukubwa wa faili. Kwa video za kamera ya nyumbani naipa nyota nne kati ya tano, na ni ya bure. Ila ukiifungua tu ukabonyeza kitufe cha kuanza bila kugusa chochote, ngoma za harusi zitatoka zikishtuka-shtuka, halafu utaisingizia kamera.

Kamera yetu ni ya MiniDV, zile kaseti ndogo za kidijitali. Baba aliinunua mwaka 2003 alipopata fedha za "départs volontaires", yaani kuacha kazi kwa hiari, za Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na tangu hapo hakuna ubatizo wala harusi ya ukoo, iwe Katuba au Kamalondo, iliyopita bila yeye kupanda juu ya kiti na kurekodi. Kaseti ya dakika 60 ikiingizwa kwenye kompyuta jinsi ilivyo inakula takriban GB 13. DVD ya kawaida inabeba GB 4.7. Kaseti moja diski tatu, nani atainuka kubadilisha diski katikati ya misa? Kuna studio moja ya mjini iliwahi kututolea kaseti nzima ndani ya CD moja ya MB 700. Ilitosha, kweli, lakini nyuso za watu zilikuwa viraka vitupu.

HandBrake yenyewe haivuti video kutoka kwenye kamera. Hiyo niliifanya kwa WinDV, programu ndogo sana ya Windows, kupitia waya wa FireWire. Tundu la USB lisikuhadae: kwenye kamera nyingi za aina hii ni la picha za mnato, au linatoa video hafifu. Kompyuta mpakato za siku hizi hazina FireWire, kwa hiyo nilifufua kompyuta ya mezani ya zamani. Kwa njia hii unapata data ileile iliyo kwenye mkanda, hakuna kinachopungua. Kupungua kunaanza kwenye kubana, na hapo ndipo penye kazi.

Kamera ya PAL, mfumo wa televisheni wa kwetu, hurekodi fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde, lakini kila fremu ina nusu mbili, mstari mmoja wa huku na mmoja wa kule, zilizochukuliwa kwa nyakati mbili tofauti. Televisheni za zamani zilizionyesha moja baada ya nyingine, jicho halikujua. Kwenye kompyuta zinakaa pamoja. Simamisha video pale bibi harusi anapoingia ukumbini akicheza: ukingo wa shela umetoa meno kama kitana. Ukiibana hivyo hivyo, programu inapoteza nguvu kuhifadhi hayo meno badala ya sura ya mtu.

Dawa iko kwenye ukurasa wa vichujio. Mimi nachagua Bwdif, kichujio cha kuondoa hayo meno, na mpangilio wa Bob, ambao unaigeuza kila nusu kuwa fremu kamili, hivyo unapata 50 kwa sekunde. Mtego sasa: mipangilio iliyo tayari, kama ile ya 576p25 (mistari 576, fremu 25), inafunga kasi kwenye 25, na nusu ya fremu ulizozipata zinatupwa kimya kimya. Ibadilishe kasi iwe 50. Wasimamizi wa harusi wakianza kuingia kwa zile hatua zao, mbili mbele moja nyuma, utaona viuno vinateleza vizuri kama vile ulivyoviona siku yenyewe. Usikuze picha kufikia mistari 1080, mkanda hauna hicho unachokitafuta.

Ubora unapimwa kwa namba ya RF. Ikishuka, picha inakuwa safi na faili linanenepa. Nimetulia kwenye 19. Kwenye 22 sehemu za mchana ziko sawa, lakini usiku chini ya balbu moja ukuta wa nyuma unaanza kugawanyika vigae. Hizo sehemu za giza ndizo walafi: zimejaa chembechembe, na programu inazihesabu kuwa picha. Ndiyo maana sherehe ya jioni inakula nafasi kuliko kanisani. Kwa RF huwezi kujua mapema faili litakuwa na ukubwa gani. Ukitaka saa tatu ziingie kwenye DVD moja bila kubahatisha, acha RF, weka wastani wa kbps (kilobiti kwa sekunde) 3200 kwa video na 160 kwa sauti, uichague programu ipitie video mara mbili: kwanza kuipima, kisha kuibana.

Kwa sisi wa umeme wa kuja na kwenda: chagua faili la aina ya MKV, si MP4. MP4 ikikatika katikati haifunguki, kwa kuwa faharasa yake huandikwa mwishoni. Hata MKV iliyokatika ni ya kuchungulia tu, kazi yenyewe utaianza upya.

Nyota moja naibakiza kwa sababu ya shangazi yangu wa Likasi. Deki yake ya DVD ni ya zamani, haisomi H.264, njia ya kubana ambayo HandBrake hutumia kwa kawaida, na HandBrake iliachana na AVI na Xvid, aina za zamani za video, tangu 2009. Wala haichomi diski. Nakala yake nimeitengeneza kwa DVDStyler, programu ya kutengeneza DVD, kwa MPEG-2, njia ya kubana ya DVD za kawaida, saa mbili kwa diski. Picha imepauka kidogo kuliko ya MKV. Yeye ameshapiga simu kuulizia diski ya ubatizo.