Kulala wawili kambini Ngorongoro: mjifunike nini?

Kambi ya Simba iko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, kama meta 2,300 juu ya usawa wa bahari. Kila ukipanda meta 1,000, joto hupungua nyuzi 6 na nusu hivi. Ukitoka Arusha mwezi wa saba na sweta moja, ujue unapokwenda siko ulikotoka.

Mara ya kwanza mimi na mume wangu tulikwenda na blanketi zito la kitandani, futi 5 kwa 6, na mkeka wa plastiki. Akijigeuza, mgongo wangu uko wazi. Nikilivuta, goti lake liko nje. Ila kilichotutesa zaidi kilitoka chini. Saa tisa usiku nilipitisha kiganja chini ya mkeka nikakuta nyasi zimelowa, baridi kama bati la alfajiri. Tulimalizia usiku ndani ya gari tumekaa.

Kwa hiyo kabla ya kitu cha kujifunika, nunueni godoro. Joto hutunzwa na hewa iliyotulia ndani ya kitambaa, na ukikilalia kitambaa, hewa karibu yote inatoka. Ndiyo maana blanketi la kutandika halisaidii sana. Kama mnakwenda kwa gari, chukueni sponji ngumu ya inchi 3 au 4, kipande kimoja cha kuwatosha wote wawili. Vipande viwili huachana usiku, na baridi hupanda pale katikati. Wanaobeba mgongoni watafute godoro la kujaza upepo lenye alama ya R (kipimo cha kuzuia baridi ya chini) kuanzia 4. Lile la kuchezea ufukweni liacheni, ndani ni hewa tupu inayozunguka na kuwapoza.

Sasa vya kujifunika, kuanzia ninachokiamini zaidi.

Cha kwanza ni duveti ya mitumba ya manyoya ya bata, futi 7 kwa 7. Msidanganyike na vipimo vya kitanda: ile ya 5 kwa 6 inatosha nyumbani kwenye ukuta na dirisha, lakini kwenye hema inahitajika ziada ya kukunja chini ya ubavu wa kila mmoja. Sokoni, ifungue yote. Inyanyue kwenye mwanga uone kama kuna vyumba vilivyobaki kitambaa kitupu huku manyoya yamejazana pembeni. Ikunje, ikandamize kwa magoti, halafu iachie na uitazame: nzuri inafumuka yenyewe kama maandazi kwenye mafuta, iliyochoka inabaki imelala. Pitisha kiganja juu yake. Ikikuchoma vijiti, ndani kuna manyoya magumu mengi. Ukikuta lebo ya Kijerumani, Daunen ni yale laini ya kifuani, Federn ni yenye vijiti. Daunen zikiwa nyingi, lipa bila kusita. Ukifika nyumbani mpelekee fundi cherehani ashone kamba nne pembeni, mzifunge chini ya godoro. Hapo hakuna wa kumvutia mwenzake.

Adui yake ni maji. Manyoya yakilowa yanashikana na joto linaisha. Pumzi za watu wawili hulowesha hema kwa ndani, kwa hiyo acheni tundu la hewa wazi hata kama mnasikia baridi.

Cha pili ni duveti ya poliesta ya dukani. Ni nzito na inajaza buti la gari, lakini ikipata unyevu bado inasaidia. Msimu wa mvua ningeiweka ya kwanza.

Cha tatu, mabegi mawili ya kulalia yanayoungana kwa zipu. Kwa wanaopanda mlima kwa miguu, haya ndiyo ya kununua. Yaunganisheni palepale dukani: zipu ziwe za aina moja na urefu mmoja, moja kushoto na nyingine kulia. Kwenye lebo fuateni nyuzi joto za kulala vizuri, si zile za mwisho wa kuvumilia.

Mablanketi ya sufu yanakuja mwisho. Joto yanalo, ila mawili yana uzito wa mtoto.

Jiko la mkaa lisiingie hemani, hata likiwa limebaki majivu mekundu tu. Hewa yake haina harufu, inaua watu usingizini. Jazeni maji ya moto kwenye chupa ngumu, ivisheni soksi, iwekeni miguuni.

Na shuka ya Kimaasai? Kujifunika peke yake haitoshi, lakini msiiache nyumbani. Wawili wakilala chini ya duveti moja, kati ya shingo zao hubaki pengo, na joto jingi hutorokea hapo. Ikunjeni mara nne, mlizibe nayo.