Siku 11 ICU: maoni yangu kuhusu huduma, na vitu vya kumpelekea mgonjwa

Nililazwa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) ya hospitali moja ya rufaa Dar es Salaam kwa homa ya mapafu, siku 11, sita kati ya hizo nikiwa kwenye mashine ya kupumulia. Naandika kwa ajili ya mwenye mgonjwa huko sasa hivi, au anayesubiri upasuaji mkubwa.

Mpira wa kooni, ule unaoungwa na mashine hiyo, ndio habari kubwa. Unapita mdomoni, katikati ya nyuzi za sauti, ndiyo maana hata ukiamka na akili timamu huwezi kutoa neno. Wenyewe unazoeleka. Kinachotesa ni kuvutwa makohozi: nesi anapitisha mpira mwembamba ndani ya ule mkubwa, anavuta kwa sekunde 10 hadi 15, unakohoa bila mlio na pumzi inakata. Nesi akisema "navuta sasa" kisha akahesabu kwa sauti, mwili unastahimili. Akija kimya unashindana na mashine, kengele inalia, na pengine unaongezewa dawa ya usingizi ambayo hukuihitaji.

Kwa uuguzi natoa 5 kwa 5. Kugeuzwa kila baada ya saa mbili, kichwa cha kitanda kuinuliwa, kinywa kusafishwa: hayo yalifanyika usiku na mchana, nami nimetoka bila kidonda cha mgongo. Kwa mawasiliano natoa 2.

Walinipa kalamu na karatasi, wakaona nimechora mistari tu, wakahitimisha kwamba nimechanganyikiwa. Sivyo. Vidole vimevimba, havina nguvu, na unaandika chali bila kuona mkono wako. Kinachofaa ni karatasi ngumu ya A4 yenye maneno makubwa: MAUMIVU, KIU, BARIDI, NIGEUZENI, MAKOHOZI, MKOJO, SAA NGAPI? Ndugu anagusa neno moja moja, mgonjwa anafumba macho kwenye analolitaka. Kama mgonjwa ni mtu wa miwani, mvalisheni kwanza, la sivyo karatasi yenyewe ni ukungu.

Neno MKOJO lisikosekane. Mpira wa mkojo una kijiputo ndani ya kibofu, na kijiputo hicho kinakufanya uhisi umebanwa hata kibofu kikiwa kitupu. Mgonjwa anahangaika kutaka kushuka kitandani, watu wanadhani ni ukorofi. Mwambieni mpira upo na mkojo unatoka wenyewe, lakini nesi ahakikishe haujakunjika au kulaliwa.

Kengele zisiwatoe roho. Nyingi ni kibanio cha kidoleni, kile kinachopima oksijeni, kimechomoka, au kidole kimepoa. Piko na rangi ya kucha nazo huweza kukivuruga, kwa hiyo bibi harusi wa juzi atafutiwe kidole kisichopakwa, au sikio.

Maruweruwe ni kitu cha kweli. Dari yenye vitundu huota sisimizi, nesi anageuka muuaji. Chanzo ni maambukizi, dawa za usingizi, na taa zinazowaka saa 24 mpaka hujui alfajiri na magharibi. Ndugu wengine hukimbilia kusema ni jini. Msibishane na mgonjwa wala msimkubalie anachokiona. Mtajieni siku, saa, mahali alipo na jina la aliyesimama mbele yake, kila mnapoingia. Saa ya ukutani yenye tarakimu kubwa, mbele ya macho yake, inasaidia kuliko maua. Pia andikeni kwenye daftari kilichotokea kila siku, maana baadaye atakumbuka sisimizi na kusahau mlikuwepo.

Mpira wa kooni ukitolewa, sauti hukwaruza na kiu ni kali mno. Msimpe maji kwa huruma: kumeza kunapimwa kwanza, la sivyo maji yanaingia mapafuni. Gozi (kitambaa chepesi cha kufungia vidonda) lenye maji kwenye midomo latosha kwanza, nesi akiruhusu.

Maelezo ya kuruhusiwa nayo nayapa 2. Hakuna aliyetaja kwamba misuli ya mapaja inakuwa imekwisha, au kwamba nywele zinaweza kupukutika miezi miwili mitatu baadaye, kisha zikarudi. Wala choo. Kwenye choo cha kuchuchumaa utashuka, kuinuka hutaweza. Kabla mgonjwa hajafika nyumbani, chukueni kiti cha plastiki kigumu, kikateni tundu katikati, lainisheni kingo kwa msasa, mkiweke juu ya shimo, na kamba ya kushikia ifungwe kwenye boriti, si kwenye kitasa cha mlango.