Kozi ya chuo na treningi ya kazini, ipi imepangwa vizuri?
Mi nimefundisha uhasibu chuoni na nimewahi pia kutoa treningi makazini, so naongea nilichokiona. Chuoni tunaanza na topiki, wiki ya kwanza mpaka ya 15, halafu mtihani. Kazini wanaanza na swali moja tu, huyu mtu akitoka hapa ataweza kufanya nini ambacho jana hakukiweza? ndo wanarudi nyuma kupanga somo. Hapo wametuzidi kwa kweli. Nilipojaribu darasani, badala ya kueleza usuluhishi wa benki (kulinganisha hesabu za benki na za kwenye daftari lako) masaa mawili nikawagawia stetimenti ya benki na daftari la fedha, hundi moja haijapita, makato ya benki hayajaandikwa, tafuteni tofauti imetoka wapi, wee, darasa lilichangamka, hata wale wa nyuma kabisa walikuwa wanabishana na kalkuleta mkononi.

Kwenye kupima pia. Donald Kirkpatrick, mtaalamu wa kupima treningi, tangu 1959 alitaja hatua 4: watu wamelipokeaje somo, wamejifunza nini, kazini wamebadilika, na matokeo yakoje. Sisi chuoni tunaishia ya 2.

Ila treningi ya siku mbili haina muda wa "kwa nini". Mtu anajua abonyeze wapi kwenye programu, ikibadilishwa anakwama palepale. Chuo kinampa debiti na krediti, yaani pande mbili za kuandika kila muamala, na hizo hazibadiliki na programu. Mi nachukua mpangilio wa kazini, nadharia ya chuo naibakiza, na nusu ya mtihani iwe kazi kama ile ya benki.