Krismasi Mtwara kwa shilingi 30,000: nimejaribu mti wa plastiki, mvinje na taa za aina tatu

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo hamjambo. Karibuni sebuleni kwangu, hapa Chikongola, Mtwara mjini. Joto la Desemba mnalijua, kwa hiyo mkisikia feni inavuma huko nyuma mnivumilie, nikiizima hapa hatukai.

Swali lenu ni moja: dada, nina elfu thelathini, nimepanga vyumba viwili, watoto wanataka nyumba ionekane ina sikukuu, ninunue nini? Nimenunua, nimeazima, nimewasha na kuacha saa nyingi. Jibu nalitoa mapema, asije mtu akaishiwa bando kabla hajalisikia. Pesa yako iweke kwenye taa. Mti usinunue.

Tuanze na huo mti. Huu hapa, wa plastiki, futi nne, niliununua mwaka juzi kwa 28,000. Kwenye boksi picha yake imeshiba majani. Sasa uangalieni wenyewe, nausogeza dirishani: ukuta unauona upande wa pili. Ukitaka kuziba hayo matundu utarudi dukani kununua zile kamba za manyoya ya kumetameta, na mipira ya kuning'iniza, na pesa inazidi kutoka. Hilo bado ningelivumilia. Njooni hapa chini, kwenye mguu. Mnaona kutu? Na hapa tawi linapoungana na shina, kutu tena. Sisi tunaishi na upepo wa bahari, chumvi inaingia mpaka kabatini. Waya ukishaliwa kwa ndani, ukilikunjua tawi linabaki mkononi. Mwaka huu yamekatika matatu. Aliye Masasi au Nachingwea, mbali na chumvi, mti huu utamfaa miaka mingi, simzuii. Ila wa Mikindani, wa Lindi mjini, wa Kilwa, 28,000 hiyo ina kazi nyingine.

Mti wangu wa mwaka huu ni huu. Tawi la mvinje. Nimekatiwa na mwenye mivinje yake, nikampa 2,000 ya soda. Tafadhali sana, ombeni ruhusa, na katisheni tawi, msiangushe mti. Mivinje ya ufukweni ndiyo inayotushikia mchanga usiliwe na mawimbi.

Ndoo kuukuu, mchanga uliolowa, tawi katikati, mawe matatu ya kulibana, basi. Kila asubuhi kikombe cha maji. Ubaya wake nausema: mvinje ni laini, haubebi kitu kizito, na kwa joto letu haukai mwezi. Mwaka jana nilikuwa na haraka, nikauweka tarehe 10. Ilipofika tarehe 20 ulikuwa wa kahawia na sakafu yote vijiti. Kwa hiyo kata tarehe 21 au 22, utafika Krismasi ukiwa na heshima yake. Na mshumaa usiukaribie kabisa. Mvinje mkavu ukishika moto hauzimiki kwa kikombe.

Wapo wanaosema mvinje si mti halisi wa Krismasi. Nawaheshimu, lakini desturi yenyewe ilianzia kwa Wajerumani, nao walichukua mti uliokuwa msituni kwao. Wamisionari wa Kibenediktini waliofika Ndanda mwaka 1906 walitoka huko huko Ujerumani, na ule mti wao wa baridi haukuota huku Kusini. Sisi tuna mvinje. Tuna na mkrismasi, ule unaowaka maua mekundu mwezi huu huu barabarani. Maua yake hayadumu, lakini ukiyaweka kwenye bakuli la maji mezani siku yenyewe, wageni watauliza umeyapata wapi.

Sasa taa, hapa ndipo ninapotaka mkae. Nimejaribu aina tatu.

Ya kwanza ni hii ya balbu ndogo za zamani, nimeiazima. Boksi linasema wati 40. Nimeiwasha saa mbili tu, balbu zimepata moto wa kuhisi kwa kidole. Juu ya mvinje hii siiweki, na nawaomba msiiweke.

Ya pili ni ya LED, mita kumi, balbu 100, nimenunua 9,000. Boksi linasema wati 8. Nimeiacha saa tano mfululizo, nimeshika balbu, zimepoa kama nilivyozitoa kwenye mfuko. Hiki kiboksi cha kubonyeza kina mitindo minane ya kuwaka, lakini watoto watachezea wote na utaumwa kichwa. Ule wa kuwaka bila kupepesa ndio mzuri kuliko yote.

Hesabu ya umeme wa LUKU, maana najua ndiyo inayowatisha. Wati 8 kwa saa tano kila usiku, siku ishirini, haifiki hata uniti moja. Ni uniti 0.8. Aliye kwenye bei ya matumizi madogo, ile ya uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, analipa kama shilingi 122 kwa uniti, kwa hiyo sikukuu nzima haimfikishi shilingi 100. Aliye kwenye bei ya 356, haifiki 300. Ile ya zamani ya wati 40 inakula uniti nne kwa muda huo huo. Mwenye nyumba akikuambia taa za Krismasi zinamaliza umeme, mwonyeshe hesabu hii kwa adabu.

Lakini angalieni plagi. Miguu miwili, myembamba. Soketi zetu ni za miguu mitatu. Najua mnachofanya, mnachomeka kalamu kwenye tundu la juu ili lifunguke. Msifanye hivyo, na msimwonyeshe mtoto hata siku moja. Plagi inakaa inacheza, inatoa cheche, na pembeni una pazia. Adapta nimepata kwa 2,500. Hiyo ni sehemu ya bei ya taa, ihesabuni. Na hizi ni za ndani. Mvua zimeshaanza, msizipeleke barazani.

Ya tatu ni ya sola, 18,000. Jua likiwaka kutwa imenipa kama saa tano. Juzi kulikuwa na wingu, haikufika saa mbili. Kwa ndugu zangu wa vijijini ambako umeme haujafika, nunueni hiyo bila wasiwasi. Kwa mwenye soketi ukutani, LED ya 9,000 inatosha.

Mapambo ya kuning'iniza. Hizi nyota ni ukili, ule ule wa mikeka. Bibi jirani yangu ndiye anayesuka. Yeye ni Mwislamu, Idi tunakula kwake, Krismasi anakula kwangu. Nilimwendea kununua pima chache zilizokwisha tiwa rangi, akakataa hela, ikabidi nimpelekee sukari ya 3,000. Alinikalisha mkekani akanifundisha kukunja ncha tano. Nyekundu hii na kijani hiki, hakuna duka lililonionyesha rangi zilizotulia hivi. Na ni nyepesi, mvinje hauinami.

Maganda ya korosho msiyatundike. Msimu huu yamejaa kila mahali na yanavutia, lakini ganda bichi lina mafuta yanayounguza ngozi, waliowahi kubangua kwa mkono wanajua. Mtoto atalishika, kisha atashika jicho.

Na pango la kuzaliwa Yesu. Mti ukikosekana kabisa, tengenezeni pango, ndilo linalosema sikukuu ni ya nani. Mtakatifu Fransisko wa Asizi alilifanya kule Greccio, Italia, mwaka 1223 kwa majani makavu na wanyama wa kweli. Langu ni boksi la sabuni, kipande cha makuti juu, na udongo ambao wanangu wamefinyanga wenyewe. Huyu ni punda. Huyu naye ni ng'ombe, mwanangu wa mwisho ameniomba niwaambie. Karatasi za rangi 1,500, gundi 1,000.

Jumlisheni: taa 9,000, adapta 2,500, mvinje 2,000, sukari ya bibi 3,000, karatasi na gundi 2,500. Elfu kumi na tisa. Elfu kumi na moja iliyobaki nimeshaipeleka kwenye mchele na viungo vya pilau.

Tarehe 6 Januari, sikukuu ya Epifania, mimi ndipo ninapofungua mapambo yote. Taa msizisokote kama kamba ya ng'ombe, zungusheni kwenye kipande cha boksi, halafu ndani ya ndoo yenye mfuniko unaobana, chumvi isizifikie. Hizi za kwangu zitakaa juu ya kabati, na mwakani nitaziwasha mbele yenu tuone ngapi zimekufa.