Fiksi ya chuma ya bei nafuu, miaka mitatu baadaye: jino moja limenisaidia kuliko rimu za rangi

Nina hii baiskeli mwaka wa tatu sasa na kila anayeiona anauliza swali lile lile, inafaa au niliingizwa mjini, basi leo naandika yote nimalizane nalo. Ni fiksi, yaani gia moja na friwili hamna, gurudumu la nyuma likizunguka na pedeli zinazunguka, utake usitake. Fremu na foki ni chuma cha kawaida kabisa, rimu za alumini, breki moja tu ya mbele, sproketi (yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni) ya mbele meno 48 ya nyuma 16. Kati ya zote za aina hii nilizoziangalia hii ndo ilikuwa ya bei ya chini kuliko zote, na nilipoiweka kwenye mizani ilisoma kilo 12 na kitu.

Wiki ya kwanza nilitaka kuirudisha, sitaki kudanganya mtu. Miaka yote nimezoea ukichoka unaacha pedeli unateleza tu na upepo, sasa huku ukisahau ukakaza miguu kidogo pedeli inakunyanyua kwenye siti kama punda aliyekataa mzigo. Kona nayo, huwezi kuinua pedeli ya ndani ukasubiri kona iishe, inaendelea kuzunguka na ukilala sana inagonga lami. Ya kwangu ilikuja na krenki (ile mikono inayoshika pedeli) za milimita 170 na iligonga mara mbili mwezi wa kwanza, alama bado ipo. Ila baada ya kama mwezi miguu ikaelewa yenyewe. Unaanza kupunguza mwendo kwa kuzuia pedeli kidogo kidogo bila kugusa breki, kwenye foleni unatambaa taratibu bila kuweka mguu chini, na ukirudi kwenye baiskeli ya friwili unahisi kama cheni imekatika.

Fremu niiseme mapema maana ndo watu wanaiponda bila kuijua. Wataalamu wa kwenye kahawa watakwambia chuma cha bei rahisi ni laini, kinapinda ukikanyaga kwa nguvu, tafuta kromoli, kile chuma cha mchanganyiko cha bei zaidi. Mi nilikuja kuelewa kwamba ugumu wa vyuma hivi karibu unalingana, kinachotofautiana ni nguvu ya kuhimili kabla hakijapinda moja kwa moja au kukatika, ndo maana kromoli wanaweza kuitengeneza bomba la ukuta mwembamba zaidi na fremu ikawa nyepesi. Kwa hiyo fremu ya bei rahisi haipindi ovyo, ni nzito tu. Kwenye kupanda mlima utaujua uzito huo, kwenye tambarare ukishashika mwendo hata huukumbuki. Na usidanganywe na stika iliyoandikwa kromoli, saa ingine ni bomba moja tu au matatu ya mbele ndo kromoli na foki na vya nyuma ni chuma cha kawaida. Yangu imeshaanguka, imeshagongwa ikiwa imefungwa kwenye nguzo, rangi imebanduka sehemu kama tano, na bado iko sawa.

Sasa tuje kwenye ujinga wangu. Kitu cha kwanza kubadilisha nilinunua nini? Rimu za rangi. Zile pana za alumini zinazong'aa, seti nzima mbele na nyuma pamoja na habu zake (kile kitovu cha gurudumu), na usukani mfupi ulionyooka ambao kwenye picha unapendeza kweli ila baada ya nusu saa vidole vinakufa ganzi. Rimu zenyewe zilikuwa nzito kuliko zilizokuja na baiskeli! Nililipa ili niongeze uzito, tena kwenye gurudumu, kile kitu unachokisukuma upya kila ukisimama na kuondoka.

Afu likaanza tatizo la tairi. Wakati huo ndo nimejifunza kuburuza, yaani unaegemea mbele kwenye usukani, unapunguza uzito nyuma, unafunga miguu pedeli zikiwa zimelala sawa na ardhi, gurudumu la nyuma linasimama na tairi linaburuzika. Raha yake wacha tu. Baada ya wiki chache naangalia tairi la nyuma, sehemu moja limekwisha hadi nyuzi zinaonekana, kwingine kote jipya kabisa, hata vile vinyweleo vya kiwandani bado vipo. Nikasema tairi bovu hili. Nikanunua lingine, la bei zaidi, likafa vilevile, sehemu moja. Nikamlaumu aliyeniuzia, nikalaumu rimu, nikalaumu barabara.

Kumbe ni hesabu ya darasa la tatu. 48 gawanya kwa 16 ni 3 kamili. Maana yake pedeli ikizunguka mara moja gurudumu linazunguka mara 3 kamili bila chenji, kwa hiyo kila mguu wa kulia ukiwa mbele, sehemu ya tairi iliyoko chini ni ileile, leo, kesho na mwezi ujao, mpaka utoe gurudumu ulirudishe vingine. Mimi huburuza na mguu wa kulia mbele siku zote. Nilikuwa nasaga kipande kimoja cha tairi kama mtu anayenoa kisu. Marekani kulikuwa na fundi mmoja, marehemu Sheldon Brown, aliyeandika sana mambo ya baiskeli za namna hii, na hesabu hii alishaieleza zamani: andika meno ya mbele juu ya meno ya nyuma kama sehemu ya hesabu, irahisishe mpaka isirahisishike tena, namba ya chini ndo idadi ya sehemu za tairi zitakazoburuzika. 48/16 inakuwa 3/1, sehemu moja. 48/18 inakuwa 8/3, sehemu tatu. Lakini 48/17 hairahisishiki kabisa, kwa hiyo ni sehemu 17. Kumi na saba! Kwa kuongeza jino moja.

Nikanunua sproketi ya meno 17, kitu kidogo kinachoenea kiganjani, na bei yake ilikuwa chini ya hata tairi moja kati ya yale mawili niliyoyaua. Cheni ileile ilitosha, gurudumu likasogea mbele kama milimita 3 tu. Tairi la tatu limekaa muda mrefu kuliko yale mawili ukiyajumlisha. Na sio tairi tu, baiskeli ilibadilika. Mzunguko mmoja wa pedeli zamani ulikuwa unanipeleka karibu mita 6.3, sasa ni kama mita 5.9, ukisoma unaona hamna kitu ila kwenye mlima goti linajua, na kwenye kuondoka taa zikiruhusu hupigani nayo tena. Gharama yake ni mteremko. Nikifika kilomita 45 kwa saa miguu inazunguka kama mara 126 kwa dakika, hapo siti inaanza kukurusha na unaonekana kama mtu anayekimbizwa na nyuki. Sasa nikiona mteremko mrefu naanza kuuzuia juu kabisa, sisubiri niwe katikati.

Ila hilo jino lilinipa ajali kwanza, na hapa naomba usome taratibu. Sproketi ya nyuma kwenye fiksi inafungwa kwa thredi za kawaida, ukikanyaga mbele inazidi kukaza. Ukizuia kwa nyuma inataka kufunguka. Ndo maana juu yake kuna lokringi, ile pete yenye mikato, ambayo thredi zake ni za kinyume, sproketi ikitaka kufunguka inaikaza pete na pete inaizuia. Ubunifu mzuri sana, alimradi pete imekazwa. Fundi niliyempelekea hakuwa na spana ya ndoano ya kukazia lokringi, akatumia patasi na nyundo, tak tak tak, tayari. Na mi nikalipa nikaondoka kama mtu mwenye akili zake. Wiki mbili mbele, kwenye mteremko mdogo, nazuia, nasikia kitu kimeachia, pedeli zinarudi nyuma hewani kama za baiskeli ya mtoto, gurudumu linaendelea na safari zake. Breki ya mbele ndo iliyonirudisha nyumbani. Kwa hiyo we unayetoa breki ili baiskeli ionekane safi, mi sina la kukwambia, hata sheria ya Uingereza inahesabu kuzuia kwa miguu kama breki moja tu na inataka ya mbele iwepo.

Kufungua nikakuta thredi za habu zimelika zote, zimekuwa kama unga wa chuma ndani ya grisi. Habu ya zile rimu za rangi. Hela yote ilikwenda kwenye rangi, habu ilikuwa ya alumini laini na gololi zimeachwa wazi maji yanaingia.

Hapo ndo nilifanya kile nilichotakiwa kufanya siku ya kwanza. Nikanunua habu moja nzuri ya nyuma, upana milimita 120 kama fremu inavyotaka, beringi zilizofungwa, matundu 32, nikaisuka kwenye ile rimu ya zamani iliyokuja na baiskeli, ile mbaya nyeusi niliyoitupa stoo. Na nikanunua spana ya ndoano ya kwangu mwenyewe. Sproketi unapaka grisi kwenye thredi, unaikaza, unaweka lokringi, unazunguka kidogo unapanda kilima kifupi kwa nguvu bila kuzuia, halafu unarudi unakaza lokringi tena, utashangaa inaenda robo zunguko nyingine. Tangu hapo haijasogea. Rimu za rangi niligawa, ya mbele ipo kwa jamaa anaipenda sana.

Beringi za krenki zilianza kulia tik tik kila nikikanyaga kulia, nikaamua kubadilisha mwenyewe, na nikapoteza saa mbili kwa sababu hakuna aliyeniambia kikombe cha upande wa kulia kinachoshika beringi hizo, kwenye baiskeli kama yangu, kina thredi za kinyume. Nilikuwa nakikaza kwa nguvu zangu zote nikiamini nakifungua. Kinafunguka kwa kuzungusha kama mishale ya saa, chukua hiyo bure. Niliweka ile ya katriji, inayokuja imefungwa kipande kimoja, kelele ikaisha, nimeisahau kabisa ipo. Angalia tu urefu wa ekseli yake, ukichukua ndefu sproketi ya mbele inatoka nje, cheni inakaa upande na inaanza kunung'unika, na kwenye fiksi cheni ikitoka sio kama baiskeli nyingine, inaweza kukamata gurudumu na ukaruka.

Cheni yenyewe naiacha icheze kama sentimita moja juu chini katikati, na napima nikizungusha krenki taratibu maana sproketi ya bei rahisi haiko duara kamili, kuna pahala inabana na pahala inalegea, unaiseti pale inapobana. Na vidole! Usifute cheni kwa kitambaa huku gurudumu linazunguka, hii haina friwili, ikikamata kitambaa haisimami, inakwenda na kidole.

Vingine vifupi. Mikanda ya miguu ni lazima, mguu ukitoka kwenye pedeli kwenye mteremko pedeli itakupiga muundi na huwezi kuirudisha. Matairi nimetoka upana wa milimita 25 nikaenda 28, foki inaruhusu, mikono inashukuru. Usukani ule mfupi nimetoa nimerudisha wa kwanza. Krenki nimeweka za 165, kona hazigongi tena. Baada ya yote hayo mizani inasoma kilo 11 na nusu, kwa hiyo kama lengo lako ni wepesi, hela yangu imepotea.

Kama unakaa kwenye milima mikali au magoti yana historia, sikushauri, au nunua ila panda upande wa pili. Maana habu yangu ni ya pande mbili, upande mmoja sproketi, mwingine thredi za friwili, unageuza gurudumu tu. Wale wa Tour de France wa zamani walikuwa wanafanya hivyo, wanasimama chini ya mlima wanageuza gurudumu ili wapate gia nyepesi, maana vibadilisha gia vilikatazwa mpaka 1937. Mi upande ule nimeweka friwili ya meno 18 na haijawahi kugusa cheni, nimeipaka grisi na kuivalisha kipande cha tyubu kuukuu isiingie vumbi. Goti la kushoto limeanza kusema asubuhi asubuhi, kwa hiyo naijua siku yake inakuja.