TAHADHARI: anakuuzia kijibwa chenye upele, halafu anakuuzia na "dawa" yake

Wakuu habari zenu, naandika hii nikiwa na hasira lakini nitajitahidi nisitukane mtu. Kama unatafuta mtoto wa mbwa onlaini soma kwanza, kuna jamaa kanipiga mara mbili kwa kijibwa kimoja, na alivyojipanga inaonekana siyo mimi tu.

Siku namchukua dogo alikuwa safi kabisa, nywele zinang'aa, hajikuni, jamaa akasema keshachomwa sindano zote. Nikaamini. Siku ya tano usiku ndo nikaanza kusikia tap tap tap sakafuni, ni mguu wa nyuma anajikuna, halali, na mimi silali. Wiki haijaisha pembe za masikio zimeota magamba ya njano, viwiko vimekuwa vyekundu, tumbo lina vipele. Nikamtumia picha, akajibu fasta "huo ni mzio wa chakula boss, mbadilishie msosi". Nikabadilisha, hamna kitu. Akaja tena: "basi nina dawa yetu ya asili, inamaliza upele wote."

Hiyo dawa sasa. Ikaja kwenye chupa ya soda, haina lebo wala tarehe, nyeusi tii, nikaifungua nikasema hii harufu naijua, ni oili chafu ya gari! Na mimi mjinga nikampaka kidogo pajani, akajilamba, akatapika usiku kucha. Jamani oili iliyotumika ina sumu, ina mabaki ya metali, inapenya kwenye ngozi na mbwa lazima ataila tu maana atajilamba. Usithubutu.

Nikalalamika, akaniambia nimchome "mili moja tu" ya dawa aliyonitumia picha yake, naikuza naona imechorwa ng'ombe. Ni ivamektini ya mifugo, dawa ya kuua minyoo na wadudu, ile ya asilimia 1, mililita 1 ina miligramu 10, wakati dozi ya mbwa inahesabiwa kwa mikrogramu (elfu moja ndo miligramu moja) kwa kila kilo na dogo alikuwa na kilo 3! Hapo ndo nikastuka nikambeba kwa daktari wa mifugo. Daktari aliponiambia dozi ile ingemfanya nini (kuyumba, kutoa udenda, kutetemeka, kupofuka, hata kuzimia asiamke) nilikaa chini. Na mbwa wa jamii ya Collie na Australian Shepherd wengi wana kasoro ya kurithi inayoruhusu dawa hiyo kuingia kwenye ubongo, kwao hata kipimo ambacho mbwa mwingine angekivumilia kinaweza kuua.

Daktari akashika ncha ya sikio akaisugua taratibu kwa vidole, mguu wa nyuma ukaanza kujikuna wenyewe hewani. Akasema hii ni dalili kubwa ya utitiri wa Sarcoptes, ule unaochimba ngozi. Akakwangua ngozi akaangalia kwenye hadubini, hakuona mdudu hata mmoja. Mimi mjanja nikamwambia jamaa, naye akashangilia "si unaona, hana kitu!" Kumbe huyo utitiri mara nyingi hauonekani hata kama upo, daktari anatibu kwa dalili. Na dalili nyingine nilikuwa nayo mimi mwenyewe, vipele vya kuwasha mikononi na tumboni pale ninapompakatia, nilidhani mbu. Utitiri wa mbwa unamhamia mtu unamuwasha ila hauzaliani kwake, mbwa akipona na wewe unapona.

Sasa kwa nini siku namnunua hakujikuna? Daktari alisema hawezi kuapa ila inafanana sana na mbwa aliyechomwa steroidi. Ile sindano inazima muwasho siku kadhaa, inakutosha wewe kulipa na kuondoka, na huku inashusha kinga, ikiisha upele unarudi kwa nguvu.

Halafu kuna zile picha za mbwa za "kabla na baada" anazotangazia hiyo dawa yake. Nilikuwa najiuliza wale mbwa walipona vipi kwa oili? Kuna upele wa pili, wa utitiri mwingine unaoitwa Demodex, kijibwa anaupata kwa mama yake siku za mwanzo anaponyonya. Unaanza na viraka vichache visivyo na nywele kuzunguka macho na mdomo, wala hawashwi sana, na vijibwa wengi wa namna hiyo wanapona WENYEWE ndani ya wiki 6 hadi 8. Kwa hiyo jamaa anauza chupa, mwili unajitibu, sifa anachukua yeye. Ukienea mwili mzima hapo ni ugonjwa mwingine, unahitaji matibabu ya muda mrefu, na steroidi ndo inauchochea kabisa.

Dogo alipewa kidonge cha jamii ya isoksazolini (dawa za kuua viroboto, kupe na utitiri) kwa kipimo cha uzito wake, na mbwa wangu mkubwa naye akapewa siku hiyohiyo ingawa hakuwa anajikuna, maana huu wa kuchimba unaambukiza vibaya. Matandiko nimefua kwa maji ya moto. Kizazi cha huyo utitiri kinachukua kama wiki 3 kwa hiyo tarehe za kurudia dawa usizikwepe hata ukiona kapoa.

Ukienda kununua, kunja sikio lake usugue, muangalie viwiko, muangalie na mama yake na ndugu zake. Mimi jamaa alinikatalia kumuona mama, akasema "anasumbua wageni", nikacheka.

Dogo analala usiku mzima sasa, masikio yameanza kuota manyoya. Jamaa kaniblok. Ila jana nimeonyeshwa tangazo lake jipya la ile chupa, na picha ya "baada" ni ya dogo wangu, ile niliyompiga siku namchukua.